Kinyonga na Picha ya Mruko

Paukwa, na asiyeitika hapigwi picha.

Kinyonga alikuwa mpiga picha za harusi. Masika yakaingia, harusi zikakatika. Mpinzani wake Nyani akaitundika kamera ukutani, akalala. Kinyonga yeye kila asubuhi alimfuata Panzi nyasini, akimpiga picha akiruka. Mwanzoni alikuwa akipata majani matupu.

"Dada, siku hizi umeajiriwa na panzi?" Nyani akamcheka.

"Bora yeye anaruka, kaka. Wewe unakoroma tu."

Mvua zikaisha, na Mama Swala akamwoza binti yake. Kwa kina Swala, bibi harusi huruka kizingiti cha mumewe mara moja tu. Akirudia ni nuksi. Mama Swala akawaambia wapiga picha wote wawili, "Atakayeikosa picha ya mruko asikanyage tena harusi za ukoo huu."

Kinyonga akajibana pembeni, jicho kwenye kamera. Nyani akajitanua mbele, akainua kamera kichwani kwa maringo bila hata kuchungulia. Binti akaruka. Kamera zikalia pamoja.

Picha ya Kinyonga ilimwonyesha binti angani, kwato zimekunjwa, shela linapepea. Ya Nyani ilikuwa giza totoro. Kwa kukaa sana bila kazi, alisahau kuondoa kifuniko cha lenzi.

"Na hii nini?" Mama Swala akauliza.

"Ndiye bibi harusi, mama. Ila umeme ulikatika."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama Swala akajifuta machozi, akamgeukia Kinyonga. "Mwanangu, mdogo wake anaolewa Ijumaa. Utakuja?"

"Nitakuja, mama."

"Na mimi je?" Nyani akauliza.

"Wewe njoo ushike taa. Umeme wako hauaminiki."