Kodi ya Huruma

Fundi alikuwa ameshang'oa kitasa cha zamani wakati bibi alipotokeza kichwa mlangoni na kuuliza kama wangependa chai kabla hajafunga vyombo.

Fundi akamtazama wakala. Wakala akatazama viatu vyake.

"Asante, bibi. Tumeshakunywa," alidanganya.

Katika kazi yake ya kusimamia nyumba za watu, wakala alikuwa ametoa wapangaji wa kila aina: waliomtukana, waliomfungulia mbwa, na mmoja aliyeng'oa sinki akaondoka nalo. Hakuna aliyewahi kumkaribisha chai siku ya kuhamishwa.

Yote yalianzia ofisini kwa mhasibu. Mwenye nyumba alikuwa mhandisi, mwanamume nadhifu asiye na maneno mengi. Nyumba hii aliinunua kwa mkopo, na sasa alitaka kuiweka dhamana ili akope tena, anunue jengo la vyumba vya kupangisha. Wakala aliitwa kwa sababu yeye ndiye angekusanya kodi za kote kuwili.

"Mkopo wa pili tuupange hivi," mhasibu alisema. "Miaka ya mwanzo unalipa riba tu, deni lenyewe huligusi. Riba hiyo tunaiondoa kwenye mapato yako kabla serikali haijakata chake. Bila hivyo, ni kodi kula kodi."

"Tatizo liko wapi?" mhandisi aliuliza. Alikuwa mtu wa kutafuta tatizo kabla ya kufurahi.

"Tatizo ni mpangaji wako. Anacholipa hakitoshi hata kununua rangi ya kuta. Hiyo ni kodi ya huruma. Watu wa mapato wakiiona watasema hufanyi biashara, na riba yako wataikataa. Benki nao wanataka mkataba wa bei ya soko, la sivyo mkopo wa pili usahau. Kwanza, kwa nini analipa kiduchu hivyo?"

"Nilimkuta humo," mhandisi alisema.

Wakala akaelewa. Mambo ya kawaida hayo: mtu ananunua nyumba na kukuta ndani mpangaji mkongwe ambaye mwenye nyumba wa zamani alimwonea haya.

"Basi apandishiwe mara tatu, au aondoke."

Mhandisi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Mara tatu hawezi," alisema mwishowe, akimgeukia wakala. "Mtoe. Ila kwa utaratibu. Na jina langu usilitaje, sema mwenye nyumba."

Wakala alifuata utaratibu. Notisi aliipeleka kwa mkono wake mwenyewe. Bibi aliisoma polepole, amesimama, kisha akauliza kitu kimoja tu: mwenye nyumba amepatwa na shida gani?

"Hana shida, bibi. Anataka kununua nyumba nyingine."

"Nyingine tena!" Uso wa bibi ukachangamka ghafla. "Kumbe mambo yake si mabaya."

Wakala alirudi ofisini akiwa amechanganyikiwa. Alimpigia mhandisi simu. Alimwambia kwamba mpangaji ni mzee, miguu imemvimba, nyumba anaitunza kama yai, na kodi hajawahi kuichelewesha; labda wampandishie kidogo kidogo. Alijua anajipunja mwenyewe, maana fungu lake lilitoka kwenye kodi hiyo hiyo, na mpangaji mpya angelipa zaidi.

"Ukianza kuingiza moyo kwenye hesabu, utaishia barabarani," mhandisi alisema, akakata simu.

Na leo siku imefika. Gari la mizigo lilikuwa limeshapakia kitanda, kabati na ndoo. Bibi alikuwa anakwenda kukaa katika chumba kimoja, uani kwa rafiki yake mjane. Cherehani yake haikuwa na pa kuwekwa huko. Dereva aliinunua palepale kwa bei ya kutupa, na bibi akapokea noti bila kuzihesabu.

Mhandisi mwenyewe alikuja kuchukua funguo mpya, lakini hakushuka. Aliegesha gari kwenye kona, vioo vimepandishwa. Wakala alipomfuata, alishusha kioo nusu na kusema tu, "Geti likikwama, linyanyue kidogo ndipo usukume." Kisha akakipandisha. Mwoga, wakala aliwaza akirudi. Angalau angekuja amtazame mtu anayemfukuza.

Ndani, bibi alikuwa anafagia.

"Unafagia ya nini, bibi? Kesho mafundi wanaingia kuvunja kuta."

"Nyumba haiachwi chafu."

Alifagia mpaka kona ya mwisho, akaegemeza ufagio ukutani, akasimama akihema.

"Nisamehe, bibi. Mimi natumwa tu."

"Najua, binti. Sina kinyongo na wewe." Bibi alichungulia kupitia pazia. "Yule pale kwenye gari ni mwenye nyumba?"

Wakala alisita. "Ndiye. Ukitaka kumwambia neno, twende nikusindikize. Hata ukimporomoshea matusi, mimi sijasikia kitu."

Bibi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Akakaza kitambaa chake kichwani, akaokota mfuko wake, kisha badala ya kwenda sebuleni akageukia jikoni.

"Tupitie mlango wa nyuma," alisema. "Sitaki mwanangu anione nikiondoka. Tangu mdogo, nikitoka tu hata kwenda dukani, alikuwa analia mpaka anatapika."