Mgeni wa Nyuma ya Tangi

Mwanamke mwenye kitenge cha njano alijificha tena. Mara ya kwanza alikuwa nyuma ya magunia ya shayiri, na mzee Jailos akadhani anatafuta kivuli. Sasa alikuwa amejibanza nyuma ya tangi la kuchachushia bia, humo ndani ambamo hakuna jua.

Mzee Jailos ndiye aliyewatembeza wageni katika kiwanda kimoja cha bia pale Mbeya, na kazi hiyo aliipenda kuliko bia yenyewe. Lakini ilikuwa imeanza kulegalega. Mwezi uliopita mgeni mmoja alifungua geji ya mtambo akaondoka nayo mfukoni, na meneja akasema wazi: kikipotea kingine, mzee arudi kwao Tukuyu akachume chai. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Wageni wa leo walikuwa walimu kutoka Iringa. Getini aliwauliza kama wanamfahamu mwanawe, Benjamini, anayefundisha hukohuko. Walicheka mno kwa swali dogo kama lile. Akawaambia atakayepotea aite jina lake, akawajaribisha. Wote wakaitikia "Jailos", isipokuwa mwenye kitenge, aliyekuwa amegeukia ukuta. Huyo aliomba, kupitia kwa rafiki yake Happy, abaki nje. Mzee akakataa. Sheria ya kiwanda ni moja: walioingia pamoja watatoka pamoja.

Basi akaeleza kimea, akaeleza hamira, jicho moja kwenye mitambo, jingine kwenye kitenge. Akienda kulia, mwanamke anaenda kushoto. Akigeuka ghafla, walimu wawili wanasogea kumkinga. Kumbe ni genge zima, mzee akawaza. Walipofika kwenye mkanda wa chupa, ambapo kwa kawaida huongea mpaka wageni wapige miayo, aliwapitisha harakaharaka.

Katika chumba cha kuonjea kila mgeni alipewa glasi yake. Mwanamke akachukua yake, akaenda kuinywea nyuma ya friji.

Hapo mzee alichoka. Alifunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akatangaza kwamba hatoki mtu.

"Wewe mama, toka huko nikuone."

"Mzee, mwache tu," Happy alisema. "Anaona haya."

"Mwizi ndiye anayeona haya. Amechukua nini?"

Mwalimu mmoja alisimama mbele ya friji akamsihi mzee aite mlinzi wa kike, huyo ndiye amkague. Mzee alikataa; mlinzi angempelekea meneja habari kabla mzee mwenyewe hajajua kimepotea nini. Akampita mwalimu, akaizunguka friji, akamshika yule mwanamke bega na kukishusha kitenge kilichomfunika uso.

Hakukuwa na kitu zaidi ya glasi ya bia mkononi. Ulikuwa uso wa msichana tu, umelowa machozi, na macho ameyafumba kwa nguvu.

Happy akaiweka glasi yake mezani.

"Haya mzee, umeshamwona. Huyo ndiye mkamwana wako, mke wa Benjamini. Na ni wewe uliyetuma wazee wamwapishe, siku ya harusi, kwa mila ya kwenu Tukuyu ya mkwe na mkamwana, kwamba jina lako hatalitaja, na uso wake hutauona mpaka unaingia kaburini."