Jembe la Walini

Askari wa Marekani waliokuja kuwahamisha Wacherokee kutoka ardhi ya mababu zao walimkuta Walini akipalilia. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, na udongo wa kupandishia mashinani ulikuwa laini baada ya mvua.

"Mama, twende," binti yake Awinita alimsihi kutoka kando ya shamba, mtoto mgongoni. "Hatutayavuna haya."

"Mahindi hayajui hilo," Walini alijibu bila kuinua kichwa. "Bado mistari minne."

Barabarani majirani walikuwa wakisukumwa kuelekea magharibi, wamebeba vyungu na mablanketi. Lakini katika mji ule hakuna aliyewahi kumpita mwenzake akilima bila kumsaidia kupalilia mstari mmoja. Bibi Salali, mwenye mguu mbovu, ndiye aliyetoka kwanza kwenye foleni.

"Tangu usichana wako palizi yako huchelewa," alimtania akipiga magoti. "Leo mpaka umeletewa askari wa kukuhimiza!"

Walini akacheka. Wanawake wengine wakaingia, wakavuta udongo kwa mikono. Askari walipiga kelele, kisha wakawatoa mmoja mmoja kwa mitutu ya bunduki.

Ulibaki nusu mstari. Walini hakulichukua jembe. Alilisimamisha ardhini pale alipoishia, kama watu wa mji ule walivyofanya siku zote ili atakayefuata ajue pa kuanzia.

Walipofika kilimani, Awinita aligeuka ili mtoto naye aone. Mpini ulikuwa bado umesimama katikati ya mahindi.