Tengua Mara Moja

“Nilikwambia ufute neno moja, Baba Tunu! Moja!”

“Nimebonyeza kitufe cha Tengua mara moja tu. Mimi ningejuaje?”

Angejua kama angesoma maelekezo. Daftari la nyumba, hili la skrini tunaloandikia sote, huhesabu maandishi yasiyo na pumziko kuwa hatua moja, nasi tangu chai ya asubuhi tulikuwa tukiandikiana mfululizo. Alitaka kufuta pale alipomwita binti yetu mzigo. Likafuta asubuhi nzima. Na kinachofutwa daftarini hutoka vichwani mwa watu wote wa nyumba, isipokuwa walio mbele ya skrini.

Tunu hakuwapo mbele ya skrini. Alikuwa jikoni. Asubuhi hiyo, baada ya miezi mitatu ya kunyamaza, alikuwa ameandika jinsi mumewe anavyompiga. Sasa hakukumbuka hata kofi moja. Alikuwa akikata vitunguu huku anaimba.

“Mama, niletee daftari! Nataka kuandika kwamba kesho narudi kwangu. Nimemkumbuka mume wangu jamani.”

Akiandika hata herufi moja mpya, kitufe cha Rudisha hakitafanya kazi tena.

“Mwache,” mume wangu akaninong’oneza. “Husikii alivyo na furaha? Ukirudisha yale, na neno langu litarudi. Atanichukia.”

“Akuchukie akiwa mzima. Umeliandika mwenyewe, libebe.”

“Mama, nakuja kulichukua basi!”

Nikabonyeza Rudisha. Jikoni wimbo ukakatika, kisha nikasikia kisu kikianguka sakafuni.