Mlango wa Mbwambo

Siku hizo mlango wa nyumba ya wanandoa haukufunguka, kuingia wala kutoka, mpaka mmoja arudie alichoambiwa na mwenzake. Akikosea, taa nyekundu. Mbwambo aliteseka nao sana, maana kila neno la mkewe, Nakijwa, lilimfikia kama mashtaka.

"Mgongo unaniuma tangu Jumatatu," Nakijwa alimwambia.

"Umesema mimi mvivu."

Nyekundu.

"Umesema mama yangu ndiye aliyekuroga."

Nyekundu tena. Makande yakapoa, na nje wenzake wa bao wakimpigia miluzi.

Basi akajifunza kukariri kama kasuku, akili yote ikiwa kwenye kete. Mtaa mzima ukamsifu: hakuna mume anayefunguliwa upesi kama Mbwambo.

Jumamosi Nakijwa alisimama na sanduku mkononi. "Baba Mbonea, nakwenda kwetu Usangi. Sirudi."

"Unakwenda kwenu Usangi. Hurudi," alijibu Mbwambo, huku akivaa kandambili.

Kijani! Akatoka mbio, mlango akauacha wazi.

Alishinda bao mara tatu. Jioni akarudi na njaa, akakuta mlango umefungwa. Akabisha, kisha akatega sikio kuliko siku zote za ndoa yake. Taa haikuwaka rangi yoyote.