Kiungio Kipya cha Tela la Mahimbo

Tangu sheria ikataze nyumba kukaa msimu mzima mahali pamoja, sote tunaishi kwenye matela. Asiye na injini hufungwa nyuma ya mwenye nayo. Anayevuta ndiye huchagua njia, na anayevutwa hafunguliwi mlango wala dirisha mpaka magurudumu yasimame.

Mwaka ule Mahimbo ndiye aliyetuvuta, mimi na mke wangu Zamoyoni aliyekuwa amevunjika nyonga. Kiungio chake kilikuwa chuma kitupu, tena kimelegea, na kila shimo lilimrusha mgonjwa kitandani. Nikamwomba aweke walau bushi za mpira. Akacheka: "Mzee Chande, hili tela bwana, si kitanda cha harusi!" Vilio vya Zamoyoni vilipomchosha, alitufungua katikati ya jangwa la chumvi, akatuachia dumu moja la maji. Huko ndiko nilikomzika.

Sasa injini ya Mahimbo imekufa, mimi nimeshapata yangu, na zamu ya kumvuta imeniangukia mimi. Nimemfungia kiungio kipya chenye springi na mpira mnene, nikakipaka grisi kwa mikono yangu.

Tukiwa njiani, sauti yake inanijia kwenye spika.

"Mzee wangu, nanywa chai huku wala haichezi! Kweli tunakwenda?"

"Tunakwenda, baba. Lala."

"Kumbe ulishanisamehe. Una roho nzuri wewe."

Baada ya muda namsikia anakoroma. Nje ardhi imeanza kuwa nyeupe kwa chumvi, nami napunguza mwendo taratibu, asije akaamka. Dumu lake moja la maji ninalo hapa, kando ya kiti.