Toleo la Mwezi Ujao

Siku hizi mtoto hupewa jina na kompyuta ya mezani ya nyumbani kwao, na likishatolewa halibadilishwi. Ndiyo maana Mwanaidi na mumewe, Hemedi, waliamua kungoja toleo jipya lenye prosesa ya kisasa. Sasa binti yao ameshang'oka meno ya utoto, na majirani bado hawajui wamwite Mwanaidi mama nani.

"Litatoka mwezi ujao," Hemedi alisema. "Safari hii hata mafundi wanasema."

"Si ndivyo ulivyosema mwaka jana?"

Mwanaidi hakujua tena amwamini au amcheke. Akaingia sebuleni, akamkuta binti akinong'onezana na kompyuta yao kuukuu.

"Mama, imeshanipa jina. Ila hatuwaambii. Tunangoja wazazi wapya. Inasema watatoka mwezi ujao."